NESI WENU, SEHEMU YA 7: Saa 08:00 ya nani?

 Mama zangu wa Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro, na ninyi mlioko machimboni ambako mtandao unapatikana mpaka upande juu ya kifusi. Leo nilipanga tuongee chakula cha mtoto anayetimiza miezi sita. Tutakiongea, msijali. Lakini kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema: namna tunavyowaandikia tarehe na saa.

Usiseme "aa, hilo dogo". Nisikilize kwanza.

Nikiwa zamu wodi ya wazazi, alikuja mama mmoja mjamzito kutoka machimboni. Uzazi wake wa tatu, na mara mbili za kwanza alijifungua kwa upasuaji. Mama mwenye makovu mawili hatusubiri uchungu umwanze, tunampangia siku. Yeye alipangiwa, akaelezwa asile kitu kuanzia saa sita usiku, na jana yake simu yake ikapokea meseji ya kumkumbusha afike saa 08:00.

Aliingia wodini saa nane kasoro robo mchana. Ana beseni lake, khanga zake, mama mkwe nyuma yake amebeba chupa ya chai. Midomo imekauka. Mimi nilikuwa nimechoka, chumba cha upasuaji kilishamaliza orodha ya asubuhi na sasa kilikuwa na dharura. Nilimfokea jamani, siwafichi. Nikamwambia, "Mama, tumekungoja toka asubuhi, wewe unakuja saa hizi kama unakuja mnadani?"

Hakujibu kwa hasira. Alitoa simu kwenye khanga, akanionyesha. "Nesi, si mmeandika saa nane? Nimewahi, bado robo saa."

Nikaangalia. Kweli, imeandikwa 08:00. Hamna "asubuhi". Hamna kitu kingine. Nane, nukta mbili, sifuri, sifuri.

Yule mama alikuwa amekaa na njaa na kiu tangu saa sita ya usiku, saa kumi na nne, na mtoto tumboni, na safari ya bodaboda juani. Alifuata maelekezo yetu yote kuliko wagonjwa wengi ninaowajua. Tulimlaza ili afanyiwe kesho yake. Saa nne usiku uchungu ukaanza. Akakimbizwa chumba cha upasuaji kwa dharura, akapoteza damu, akaongezewa chupa mbili. Mtoto alitoka akalia, namshukuru Mungu, na mama alirudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini mimi najua ilivyokuwa karibu.

Baadaye kwenye kikao mmoja wetu akasema, "Wagonjwa hawa hawajui kusoma saa." Nilinyamaza siku hiyo. Leo sinyamazi. Yule mama anajua kusoma saa. Anaisoma kama mama yake alivyoisoma, na kama mimi ninavyoisoma nikiwa nyumbani. Asiyejua ni ile meseji, haikujua inasomwa na nani.

Tuanzie hapo. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na jua likizama tunaanza upya, saa moja usiku. Huku karibu na ikweta mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hii inakaa vizuri kabisa. Siyo ushamba. Waganda wanahesabu hivyo kwa Kiganda chao, Wanyarwanda hivyo hivyo, na Waethiopia pia. Kabla ya simu, watu wetu walijua muda kwa jua na mvua. Ndiyo maana wodini naandika majina ya akina Mabula na Kabula waliozaliwa mvua ikinyesha, na Bujiku aliyezaliwa usiku. Hata salamu yetu inajua saa: mwangaluka ni ya asubuhi, huwezi kumpa mtu jioni akakuelewa.

Sasa simu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa yetu ya sita usiku kwake ni sifuri. Kwa hiyo kati ya saa ya mdomoni na saa ya kwenye kioo cha simu kuna tofauti ya saa sita, kila siku. Sisi wa zahanati na hospitali, na vijana wanaotengeneza mifumo, tumewaachia ninyi kazi ya kuruka hizo saa sita kila tunapoandika namba tupu. Na anayeruka vibaya tunamfokea, kama nilivyofanya mimi.

Haya, hilo ni la kuitwa hospitali. Njoo kwenye dawa sasa.

Mtoto ana malaria, umepewa dawa mseto. Dozi ya kwanza anameza saa nne asubuhi pale pale kliniki. Ya pili ni baada ya saa nane kupita, yaani saa kumi na mbili jioni. Kesho na keshokutwa ni asubuhi na usiku, saa nne na saa nne, mpaka dozi sita ziishe. Mama mwangalifu anafanya nini? Anaweka alamu kwenye simu ili asisahau. Anaandika 12:00. Alamu inalia saa sita mchana. Mtoto anapewa dozi ya pili saa mbili tu baada ya ya kwanza! Au kesho yake anaandika 4:00 akitegemea saa nne usiku, inalia saa kumi alfajiri, dozi imechelewa saa sita. Mama hajazembea hata kidogo. Amefanya bidii, simu imemgeuzia kibao.

Na sisi manesi nasi tuna kosa letu la siku zote. Tunasema "kila baada ya saa nane" na mama anasikia "kila saa nane". Baada ya saa nane ni muda unaopita. Saa nane ni ile ya mchana baada ya chakula. Maneno mawili yamefanana na sisi tunayasema haraka haraka dirishani huku foleni ndefu. Tusemeje basi? "Sasa hivi ni saa nne. Utampa tena saa kumi na mbili jioni, kabla jua halijazama." Hapo mtu ameondoka na kitu anachokijua.

Tarehe nazo zina balaa lake. Sisi Tanzania tunaandika siku, halafu mwezi, halafu mwaka. 04/03/2026 kwetu ni tarehe nne mwezi wa tatu. Marekani wanaanza na mwezi. Kwao hiyo hiyo ni Aprili 3. Na programu nyingi za simu zimetengenezwa huko au zinafuata mtindo wa huko, usipobadilisha zinakuonyesha tarehe ya kwao.

Namba ikizidi 12 unashtuka mwenyewe, maana mwezi wa kumi na tano haupo. Hatari iko kwenye tarehe 1 mpaka 12 za kila mwezi. Ukiondoa zile zinazofanana kama 5/5, kwa mwaka unapata siku 132 ambazo zinaweza kusomwa kuwa siku nyingine kabisa na hakuna kitakachokushtua. Siku 132 mama zangu! Zaidi ya theluthi ya mwaka.

Chukua mimba. Kukadiria siku ya kujifungua tunaanza na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tunaongeza siku saba na miezi tisa. Hedhi ilianza tarehe 5 Agosti 2025, basi unategemea kujifungua karibu na tarehe 12 Mei 2026. Sasa umepakua ile programu ya kufuatilia ujauzito, ukaandika 5/8 kama tulivyofundishwa shule. Yenyewe ikaelewa Mei 8. Itakwambia unajifungua tarehe 15 Februari. Siku hiyo ikifika mimba yako ni ya wiki 27 na kitu, lakini simu inasema siku zimetimia. Ukija umeshikilia hiyo simu, kadi umeisahau, ukakutana na mtu mwenye haraka, anaweza kuamini kwamba umepitiliza. Mtoto wa wiki 27 na wa wiki 40 siyo habari moja. Mimi nimewashika wote wawili mikononi.

Kuna na usiku. Tukikwambia "usile kuanzia saa sita usiku wa Jumanne", ni usiku upi? Kwa wazee wengi, hasa wa pwani na Waislamu, siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumanne ndio ule unaotangulia Jumanne. Kwa wengine ni ule unaofuata baada ya kushinda Jumanne. Kwa simu, ikifika saa sita usiku tarehe inageuka. Watu watatu, majibu matatu. Watangazaji wa redio walishalitatua hili, wanasema "usiku wa kuamkia Jumanne". Na sisi tuseme hivyo hivyo, au "Jumatatu ukishakula chakula cha usiku, usile tena mpaka upasuaji". Nani atakosea hapo?

Najua wenzangu wa kazi mnasoma hapa na mna jibu tayari. Mtasema saa ishirini na nne ndizo sahihi, hazichanganyi asubuhi na usiku, dunia nzima ya kitabibu inazitumia, basi tuwafundishe wagonjwa wazijue. Nakubali nusu. Kwenye faili langu naandika 20:00, kwenye chati ya uchungu naandika 20:00, na nikimkabidhi mwenzangu zamu hatubishani. Hata kina baba wanaofanya kazi kwenye migodi mikubwa wanapangiwa shifti kwa saa hizo na wanaelewana huko. Ndani ya kazi ni sawa kabisa. Lakini karatasi au meseji inayotoka mlangoni haiendi kwa nesi mwenzangu. Inaenda kwa mama anayepika, ana mtoto mgongoni, ana homa, ana hofu. Hatuwezi kumwambia ajifunze lugha ya faili letu kwanza ndipo apone.

Na kwa wanaotengeneza mifumo, hii wala siyo kazi ngumu. Nilimuuliza kijana mmoja anayeandika programu, akanieleza vizuri. Anasema kompyuta inatakiwa itunze tarehe kwa mtindo mmoja tu ndani, ule usiochanganya, unaoanza na mwaka, mwezi, halafu siku. Ila inapomwonyesha mtu, imwonyeshe kwa namna ya mtu huyo. Mmarekani aone ya kwake, Mfaransa ya kwake, mama wa Nyarugusu ya kwake. Kinachotunzwa ni kimoja, kinachoonyeshwa kinabadilika. Kuna shirika linaitwa Unicode linalotunza orodha ya namna lugha mbalimbali zinavyoandika tarehe, na simu na kompyuta nyingi zinachota humo. Kiswahili kimo, tena cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, kwa majina yetu ya Januari, Februari, Jumatatu, Jumanne. Kwa hiyo tarehe za Kiswahili zipo tayari, ni mtu kuzichagua tu. Saa yetu ya kuanzia jua ndiyo ambayo mifumo hiyo haikuhesabii, na hapo anayetengeneza meseji inabidi aiandikie hesabu yake. Ni kutoa sita. Nikamwambia, kaka, sisi tunahesabu matone ya dripu kwa kichwa, wewe una kompyuta unashindwa kutoa sita?

Na isisemwe kwamba haijawahi kufanyika kitu kizuri. Mwaka 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama mjamzito akawa anapokea meseji za bure, kwa Kiswahili cha kawaida, kulingana na umri wa mimba yake. Ujumbe ulimfuata mama pale alipo. Nataka na saa zimfuate hivyo hivyo.

Ningepewa mimi niandike meseji ya kliniki ingesomeka hivi: "Jumatano, tarehe 4 Machi 2026, saa mbili asubuhi (kwenye simu 08:00)." Ina jina la siku, kwa sababu hata akikosea tarehe, Jumatano anaijua, tena wengine wanaihesabu kwa siku ya mnada. Mwezi umeandikwa kwa jina, hauwezi kugeuzwa. Saa iko kwa maneno, na asubuhi yake. Ya simu imekaa mwishoni kwa anayetaka kuweka alamu. Imeongezeka maneno machache tu. Gharama yake hata haifiki bei ya andazi, na ile chupa ya damu tuliyomwongezea yule mama haina bei.

Wakati tunawasubiri wakubwa wabadilike, mama yangu, jilinde hivi:

1. Ukipewa namba tupu, uliza palepale: "Asubuhi au mchana?" Halafu irudie kwa mdomo wako: "Kwa hiyo nije Jumatano saa mbili asubuhi." Nesi akiguna, mwache agune. Asipojibu, muulize tena.

2. Saa ya simu iangalie kama saa ya ukutani, halafu soma namba iliyo upande wa pili, inayotazamana nayo. 8 inatazamana na 2, kwa hiyo ni saa mbili. 9 ni saa tatu. 10 ni saa nne. 12 ni saa sita. Ikizidi 12, toa 12 kwanza: 20:00 ukitoa 12 inabaki 8, inayotazamana nayo ni 2, basi ni saa mbili usiku.

3. Ukiweka alamu ya dawa, usiku huo huo hakikisha. Simu nyingi zinakwambia alamu italia baada ya saa ngapi. Ikisema baada ya saa kumi wakati wewe unataka nne, umekosea, rekebisha.

4. Kadi ya kliniki usiiache nyumbani, hata kama simu yako ni ya bei mbaya. Chanjo za mtoto zina ratiba yake: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Mwombe nesi akuandikie tarehe ya kurudi mwezi ukiwa kwa jina. Kama ameandika 7/4 tu, chukua kalamu mwenyewe uandike pembeni "Aprili".

5. Dawa na maziwa ya kopo yaliyoandikwa EXP 03/27 siyo tarehe 27 Machi. Ni mwezi wa tatu mwaka 2027. Ukikuta namba tatu na huelewi ipi ni mwezi, usikisie, muulize mwenye duka la dawa kabla hujalipa.

6. Mkipigiana simu na ndugu aliyeko Burundi, Rwanda au Bukavu, kumbuka wao wako nyuma yetu saa moja. Na mdogo wako aliyeko Oman yuko mbele saa moja. Mkipanga muda wa kutuma hela ya matibabu, semeni "saa za huku".

Baba watoto nawe usijifanye hujaona. Ukitoka duarani umechoka, mwulize mwenzako, "Kliniki lini, saa ngapi?" Mkiwa wawili mmesoma meseji moja, mmoja atashtuka.

Yule mama tulikuja kuonana tena, kaleta mtoto chanjo ya wiki ya sita. Alinisalimia vizuri tu, kana kwamba sikuwahi kumfokea. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema, "Nesi, siku hizi nikiona namba nakuja alfajiri, bora ninyi ndio mchelewe." Wote pale foleni wakacheka. Mimi nilicheka nusu. Kwa nini mama aamke saa kumi alfajiri, apande bodaboda gizani na kichanga, ili afidie uvivu wetu wa kuandika neno "asubuhi"?

Wenzangu wa hospitali, kesho ukishika kalamu, andika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Anza na mgonjwa wa kwanza.

Mama zangu, chakula cha mtoto wa miezi sita tutakiongea Jumamosi saa mbili usiku. Ya usiku, baada ya chakula, watoto wakishalala. Msije mkaningoja saa nane.